Rangi ya Kwanza ya Stesheni

Mama yangu alikuwa akipotea kila asubuhi baada ya chai, na mji wetu hauna hata barabara nne. Nilimkuta kila mara mahali pamoja, mbele ya stesheni ya zamani ambayo haijaona treni tangu nilipokuwa darasa la pili.

"Siyo hii," aliniambia. "Stesheni ni nyeupe. Nyumbani ni nyuma ya ile nyeupe."

Stesheni ilikuwa ya kijivu. Mama alinijua vizuri, aliniuliza kama nimekula, akanilaumu kwa kukonda, lakini ukuta ule hakuukubali. Nikaanza kuogopa kwamba siku moja angeutafuta ule mweupe mbali zaidi, huko ambako nisingemfikia.

Kisha ikaamuliwa kwamba stesheni isibomolewe, ihifadhiwe, irudishwe kama ilivyojengwa. Akatumwa mtaalamu wa majengo ya kale, mwenye miwani, na kufikia siku ya pili mji mzima ulikuwa unamwita Bwana Kale. Picha ya zamani ya stesheni aliyokuja nayo ilikuwa moja tu, nyeusi na nyeupe, haisemi rangi. Mimi ni fundi chokaa kama baba yangu, Mungu amrehemu, kwa hiyo kazi nikapewa mimi. Nikamwambia Bwana Kale kwamba mama anasema ni nyeupe, yenye mstari mwekundu chini ya madirisha, na kwamba kushoto palikuwa na kidirisha cha tiketi. Akatabasamu tabasamu la watu waliosoma, akaniambia nikwangue, tuone.

Wanasema ya kale hayanuki. Hawajawahi kukwangua stesheni iliyolala popo miaka arobaini. Nilikwangua kwa kisu chembamba, rangi moja baada ya nyingine. Kijivu kikaanguka, kikafuata kijani. Chini yake nikakuta buluu aliyoipaka baba mwaka niliozaliwa, kwa furaha, bila kumwomba mtu ruhusa, akakaripiwa na mkuu wa stesheni. Niliigusa kidogo, kisha nikaikwangua nayo. Vumbi likaelea kwenye mwanga wa dirishani, likakataa kutua, nami nikawa napumua miaka ambayo sikuwepo. Mchana ulikuwa mrefu na kimya, na mara mbili nilihisi reli inatetemeka.

Chini ya buluu ikatokea nyeupe. Ukatokea na mstari mwekundu. Siku ya Alhamisi, nyuma ya lipu, tukakipata kidirisha cha tiketi, na Bwana Kale akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Tusidanganyane, sikuifanya kazi ile kwa ajili ya historia. Nilitaka mama afike.

Nilipomaliza kupaka nikamleta. Akasimama, akautazama ukuta, kisha akauachia mkono wangu. Alipanda ngazi bila fimbo, akapita mbele ya kidirisha, akakipigapiga kwa kidole, akaenda kuketi kwenye benchi linaloelekea reli. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Nilifurahi.

Nikaenda kuketi kando yake. Akasogea kunipisha, akaivuta kanga yake vizuri magotini, kwa adabu.

"Shikamoo," akaniambia.

Mama yangu, mwenye miaka themanini na moja.

Akaniuliza kama treni imechelewa. Alisema anamngoja mchumba wake, fundi chokaa, kijana ambaye mikono yake haitakati hata aioshe vipi. Alisema wakijaliwa watapata watoto. Alicheka kidogo, akafunika mdomo.

Nikauangalia ukuta mweupe. Nilikuwa nimekwangua mpaka nikajikwangua na mimi. Ningeweza kumshika mabega nimwambie ni mimi, mwanao, twende nyumbani. Lakini alikuwa ameshafika, na alikuwa na furaha, na salamu yake ilikuwa bado inangoja jibu.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Treni iko njiani."