Pepo Mchafu wa Kwenye Bafle

Sisi ni watatu, na mji mzima wa Uvira unatucheka. Mbwa akitumbukia mtaroni, mbuzi akining'inia ukingoni mwa korongo baada ya mvua, kuku akinasa kwenye nyaya, watu wanatupigia simu, halafu tukifika wanakaa pembeni na kutuita Msalaba Mwekundu wa Mbwa. Hatulipwi hata maji ya kunywa. Mwaka ule ziwa lilipopanda na kuingia majumbani, bwana mmoja alituita akilia kwamba kiboko amenasa kwenye bustani yake ya lengalenga, ule mchicha wetu. Tulipofika tukamkuta kiboko ameshiba, amelala. Nikamwambia mwenye bustani: "Huyu hajanasa, baba. Huyu amehama. Aliyenasa ni weye." Alikasirika sana. Watu hawapendi ukweli, hasa ukiwa mnene vile.

Tuna utaratibu wetu wa kazi. Mbwa ni wa Ngongo, kwa sababu mimi ni Mwislamu, na mate ya mbwa yakinigusa nina kazi ya kujitwaharisha. Paka ni wangu mimi, Zaina, kwa sababu kwetu paka analala juu ya mkeka wa sala wa babu na hakuna anayemfukuza. Tena Ngongo hawezi paka. Mwanamume mrefu vile, motard anayepenya na pikipiki katikati ya malori bila kugusa breki, akiona paka, ni yeye anayevuka barabara kumkimbia. Kwao walimlea akijua kwamba paka ni usafiri wa wachawi. Mbuzi na mnyama yeyote mwenye mwenyewe ni wa Eliane, muuza dawa. Kumtoa mbuzi shimoni ni rahisi. Kazi ni kumtoa mwenye mbuzi kwenye ubishi.

Basi Ijumaa moja Ngongo alikuja kwenye farmasi ya Eliane, akaketi kwenye benchi bila kusalimia.

"Mama yangu banamuita muchawi," akasema.

Mama yake ni mama Léocadie, mjane, anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Sauti yake inajulikana: akikusalimia wewe, wanaitikia mtaa wa pili. Kila Jumapili anakwenda kanisani na beseni lake la ndagala lililofunikwa kitenge, maana akitoka ibadani anapitiliza sokoni. Beseni analiweka nyuma ya bafle, ile spika kubwa ya muziki, naye mwenyewe anaketi mbele yake, mahali ambapo mtu mwingine angetoka ameziba masikio kwa pamba. Amekaa hapo miaka. Watu walisema ni upako.

Kanisa lenyewe liko Rugenge, linaitwa Ushindi Maradufu, na mchungaji wake ni Pasta Marcellin, mtu mwenye suti nyingi na mahubiri ya aina moja. Ngongo akatueleza kwamba kwa wiki kadhaa kulikuwa na maajabu pale. Umeme ukikatika katikati ya nyimbo za sifa, kilio chembamba kinasikika ndani ya bafle, kama cha mtoto mchanga. Bafle halina umeme, lakini linalia! Umeme ukirudi, gitaa likapigwa, kilio hakisikiki tena. Waumini wakafanya hesabu yao: pepo ndiye anayekata umeme ili apate nafasi ya kusema. Nadhani wengine walifurahi kidogo, maana ilikuwa mara ya kwanza mtu wa Uvira kupewa sababu ya umeme kukatika.

Pasta akaamuru bafle lisukumwe mpaka ukutani, lifungwe kamba, lipakwe mafuta, na mtu yeyote asiliguse hadi Jumapili, siku ya délivrance, ya kutoa mapepo. Ikabaki kumpata mwenye pepo, na hiyo haikuwa kazi. Kila kilio kinapotoka, kanisa lote linaruka, wengine mpaka dirishani, isipokuwa mama Léocadie. Yeye yuko palepale mbele ya bafle, ametulia, anajipepea. Nani anatulia karibu na pepo kama si mwenye pepo?

"Jumapili batamusimamisha mbele ya bantu," Ngongo akasema. "Batamuambia aungame. Asipoungama..."

Sote tumesikia habari za vikongwe wasioungama, za mawe na za petroli. Niliogopa, nasema wazi. Na mimi nikiogopa huwa nakasirika.

"Ngongo, weye iko mujinga? Ile ni paka! Paka amezaa mule ndani. Kila Jumapili mama yako anaachaka ndagala nyuma ya bafle, unafikiri nani anafuataka? Malaika?"

Ngongo akapauka midomo. "Paka?" akasema. "Zaina, paka iko mubaya zaidi."

Tulimcheka. Mimi na Eliane, wanawake wawili wenye akili zetu, tulimcheka mtu ambaye mama yake yuko hatarini. Eliane akapanga: twende Jumapili, tumtoe paka mbele ya watu wote, wamwone kwa macho yao, waone haya, warudi nyumbani. Mimi sikutaka kungoja. Bafle likiwa limesukumwa ukutani, yule paka alikuwa amezibiwa njia, hana chakula. Jumamosi nilikwenda kuomba nifunguliwe kanisa. Waumini waliokuwa kwenye mfungo, wameketi mlangoni na njaa zao na Biblia zao, walitazama hijabu yangu, wakaniambia nirudi nikiwa nimeokoka. Nikawajibu neno ambalo siwezi kuliandika hapa.

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Hata wasiosali walikuja, maana délivrance ni bure. Mama Léocadie alikuwa mahali pake, na kwa kuwa bafle lilikatazwa, safari hii beseni lake alilibana katikati ya miguu. Ngongo alibaki mlangoni. Nyimbo zikaanza, umeme ukakatika kama ulivyoagizwa, na kilio kikasikika.

Kilikuwa kimekauka. Moyo uliniuma, kwa sababu hicho hakikuwa kilio cha njaa ya asubuhi moja. Niliinuka na kisu changu, nikaenda nikakata kamba ya Pasta pamoja na mafuta yake. Vijana wa protokoli, walinzi wa utaratibu wa ibada, wakanijia mbio, lakini Eliane akawakingia njia.

"Munaogopa nini?" akawauliza kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Kama kweli ni pepo, huyu Mwislamu atakufa mbele yenu, na mutakuwa na ushuhuda mwaka muzima!"

Pasta Marcellin alifikiri. Nilimwona akifikiri, na nikaona wazo limempendeza.

"Mumuache," akasema.

Nikalivuta bafle kutoka ukutani. Nyuma kwa chini mbao zilikuwa zimeoza tangu mafuriko, na palikuwa na tundu la kutosha mkono. Nikaingiza mkono nikiparuzwa, nikamshika shingoni, nikamtoa: paka jike wa kijivu, mbavu nje, macho yamemtoka. Nikamwinua juu.

"Ni paka!" nikapiga kelele. "Mumeona? Ni paka tu!"

Nilitegemea kicheko. Nilitegemea aibu. Badala yake mwanamke mmoja akalia kama aliyefiwa: "Iko kweli! Ni paka!" Na wote wakarudi nyuma, kana kwamba nimetoa bomu. Hapo ndipo nilipomwelewa Ngongo, nikiwa nimechelewa. Kwangu mimi paka alikuwa mwisho wa kesi. Kwao alikuwa ndiye ushahidi uliokuwa unakosekana, na mimi ndiye niliyeuleta kwa mkono wangu.

Pasta alikuwa tayari ameshapanda juu ya kiti. "Chombo cha muchawi kinarudiaka kwa mwenyewe!" akanguruma. "Muachilie! Tutaona ataenda kwa nani!"

Sikumwachilia. Alijiachilia mwenyewe, alinitia kucha na kuruka. Sasa nakuuliza wewe: paka mwenye njaa ya siku zote hizo, ndani ya kanisa lenye beseni moja la ndagala, atakwenda wapi? Alikwenda moja kwa moja miguuni pa mama Léocadie, akatia kichwa chini ya kitenge.

Viti vya plastiki vilianguka. Watu walisimama, mtu akafunga mlango, na nikaona mwanamume mmoja akivunja mguu wa benchi bila haraka, kama mtu anayejua atautumia wapi. Mama Léocadie alitazama chini, akampiga paka kofi. "Toka!" akafoka. "Hii ni ya kuuzisha!"

Ndipo Ngongo akapita katikati ya viti. Alifika, akainama, akamshika paka kwa mikono miwili akimweka mbali na tumbo, kama mtu aliyebeba sufuria ya moto, na paka naye akiwa na ndagala mdomoni, hana habari.

"Huyu paka ni yangu," akasema. Jasho lilikuwa likimtiririka hadi shingoni. "Kama munatafuta muchawi, muchawi ni minye. Mama yangu mumuache."

Hapo sauti ya mama Léocadie ikajaza kanisa, ukuta kwa ukuta.

"Ngongo! Tangu lini weye unashikaka paka? Weye uliyejikojolea juu ya kuogopa paka ya mama Amandine, na ndevu tayari umeota!"

Wa kwanza kucheka alikuwa mpiga gitaa. Akafuata mtu wa nyuma, kisha akina mama wa kwaya, kisha wote, na yule wa mguu wa benchi akaulaza chini ili ashike mbavu zake vizuri. Mtu hawezi kushika fimbo na mbavu kwa wakati mmoja. Pasta peke yake hakucheka.

"Basi atuambie," akasema, "juu ya nini haogopaka ile sauti?"

Kama waliokuwa wakingoja swali, watoto wa paka wakalia tena ndani ya bafle. Kanisa likarudi nyuma hatua. Mama Léocadie alikuwa anachagua ndagala zilizotafunwa na kuziweka kando. Eliane alisimama nyuma yake, anamtazama, na nikaona uso wake umebadilika. Alikwenda kwenye ngoma za kanisa, akachukua matoazi mawili, akarudi, akayagonganisha kwa nguvu zake zote nyuma ya kisogo cha mama Léocadie.

Mtoto mmoja alianza kulia. Mimi mwenyewe niliruka. Mama Léocadie aliendelea kuchagua ndagala zake.

Kanisa lote lilielewa kwa mara moja. Haogopi kwa kuwa hasikii. Miaka yote ile alikaa mbele ya bafle ili muziki umpige kifuani, ndiyo sehemu ya ibada iliyokuwa imembakia. Pasta Marcellin aliketi taratibu. Hakuna muumini aliyeitikia mahubiri yake kwa amina nyingi kama mama Léocadie, na sasa Pasta alikuwa anazihesabu moja moja, zile amina za mtu asiyesikia.

Tulivitoa vitoto, vilivyochoka lakini hai, tukavitia kwenye kikapu. Pasta alipopata nguvu, alishika maikrofoni isiyo na umeme na kutangaza kwamba Bwana ameliweka bafle huru. Watu wakashangilia. Mchungaji hashindwi, hata siku moja.

Nje nilingoja shukrani, nisifiche. Mama Léocadie alisoma midomo ya watu, akasoma nyuso zao, akajua kwamba siri yake imetoka. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini ya hasira.

"Nani aliwatuma?" akamwambia Eliane. "Minye nilificha ile kitu tangu bwana yangu alikufa! Muchawi, bantu banamuogopaka. Kiziwi, banamuibaka!"

Akajitwika beseni, akaondoka. Tulibaki barabarani na kikapu cha paka. Ngongo alikuwa bado amemshika yule mama paka, maana alikuwa amesahau namna ya kumweka chini. Niliona aibu kuliko siku zote nilizochekwa mjini humu. Tulikuwa tumemwondolea fimbo, na tumemwacha sokoni bila nguo.

Naye alisema kweli. Wiki ile ile wateja walianza. Mmoja aliapa kwamba ameshalipa, mwingine alisema bei tofauti akiwa amegeuza mdomo pembeni, mwingine alijiongezea bakuli huku akimwonyesha meno. Ngongo alitueleza bila kututazama.

Siku moja mama Léocadie akaingia kwenye farmasi. Hakusalimia. Aliinama kwenye kikapu cha paka tulichokuwa tunakilea pale, akaacha vitoto vizuri, akamchagua mweusi mwenye jicho moja bovu na sura ya mkopeshaji.

"Minye nachukua huyu."

Nilielewa anachotaka, nikaogopa. Nikamwonyesha kwa mikono, nikamwambia polepole ili asome midomo: watamrudia, watasema ni mchawi kweli.

"Balishanicheka," akanijibu, sauti mpaka barabarani. "Muntu balishacheka, habamuchomake. Lakini banaweza kumuogopa kidogo. Kidogo inanitosha."

Sasa ukipita sokoni utamwona. Paka yuko ukingoni mwa meza, amefungwa kitambaa chekundu shingoni, ameshiba hata ndagala hazitazami. Mteja akianza hila zake, mama Léocadie habishani. Anamwinua paka kwa mikono miwili na kumgeuza uso kwa uso na mteja. "Ametoka mu bafle," anasema. Mteja anakumbuka kila kitu.

Juzi nilikwenda kununua ndagala. Nikamwambia, kwa haki ya mtu aliyeparuzwa kwa ajili yake, anitilie nyongeza. Alisoma midomo yangu, halafu akamwinua paka na kumgeuza upande wangu. Mimi, niliyelala na paka tangu utotoni, nililipa nikaenda zangu.