Mtoto wa Chini ya Shuka

Bi Dionisia, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, anadai alimwona mtoto chini ya shuka siku baba na mama walipofunga ndoa. Anasema padri alikwisha kuwaunganisha mikono pale mlangoni mwa kanisa, wakaingia ndani kwa misa, wakapiga magoti, na wanaume wanne wakawatandia ile shuka nyeupe juu ya vichwa kama ilivyo desturi. Ndipo shuka ikatikisika katikati. Kisha ikalia.

"Ikalia?" nikamwuliza.

"Ikalia nyaa! Kama paka aliyekanyagwa mkia. Mamako akajikohoza kukifunika kile kilio, lakini nani wa kudanganyika pale? Walimwingiza mtoto ili shuka imhalalishe. Na mtoto mwenyewe ni wewe, Hawisa. Funga mdomo basi, nzi wataingia."

Tulikuwa tunaosha sufu kijitoni. Alisema hayo akigeuka nyuma kila mara, nami nikawa nageuka pamoja naye.

Kwetu mtoto humfuata baba. Marehemu baba yangu, Thurstan, alikuwa mtu wa bwana mwenye ardhi, hakuweza kuhama wala kuoza binti bila ruhusa. Kwa hiyo na mimi ni wa bwana, kama ndama wa zizini mwake. Sasa bwana amemwoza bintiye huko kaskazini mpakani, na pamoja na farasi na vyombo amemwahidi mkwewe watumishi. Hamo, msimamizi wake, amekwisha kuninyooshea kidole. Mwaka jana Avisa, binti wa mchunga nguruwe, alipelekwa kijiji kimoja cha huko. Waskoti walikichoma kile kijiji kabla ya mavuno. Kilichorudi ni mkokoteni wa Hamo tu, mtupu.

Lakini mfanyabiashara wa chumvi alitusimulia, huku akicheka, habari za mtu mmoja aliyeingia kwa mahakimu wa mfalme akiwa wa bwana, akatoka huru. Mamake aliapa kwamba alimzaa kabla ya ndoa. Padri anaweza kumfunika mtoto kwa shuka hata kumi, kanisa likamkubali. Mbele ya mahakimu bado hana baba. Na asiye na baba, nani amemrithisha utumwa? Wote walicheka. Mimi sikucheka. Mahakimu wamefika mjini juzi.

"Bi Dionisia, twende ukaniapie."

"Mimi? Mimi nina mabinti, mwanangu. Hamo akisikia, unadhani ataziba nafasi yako kwa nani? Ukinitaja nitasema umeota." Akabeba kapu lake likichuruzika maji, akaenda.

Nilijiambia pengine ni uongo. Mwanamke huyu aliwahi kuapa kwamba nguruwe wa padri husali. Sikumbishia wala sikumwamini; nikakaa nikitazama, ndiyo tabia yangu. Nikaanza na mama yangu wa ubatizo, Sabina. Kila mtu hapa anajua ni yeye aliyenishika juu ya birika la ubatizo, na kila mtu anajua alikufa maji katika yale mafuriko yaliyobeba daraja la zamani. Basi nilikwisha kuzaliwa kabla ya mafuriko. Na harusi je?

Nikamfuata mzee Wymark, fundi aliyejenga daraja jipya, nikajifanya nataka kusikia mambo ya zamani tu.

"Harusi ya mamako? Nisiijue mimi?" akasema. "Ndiye bibi harusi wa kwanza kupita darajani kwangu. Mbao zilikuwa zingali zinatoa utomvu, viatu vyake vikanasa. Thurstan akambeba mgongoni kama gunia la shayiri. Tukamwambia, bwana, umeoa au umenunua?" Alicheka hadi akashika kiuno. Kisha akanitazama, kicheko kikamkauka. "Unauliza ya nini, binti?"

"Nauliza tu, babu."

Nilivuka daraja hilohilo kurudi nyumbani. Nilidhani nikijua nitafurahi. Badala yake nilihisi kila mtu shambani ananisoma usoni, na kila mbwa anabweka jina langu. Hamo akipata habari kabla hatujafika mjini, nitafungwa kamba na kupakiwa mkokotenini leo leo. Na mama akiapa, atatolewa na Hamo kwenye nyumba ya baba kabla majivu ya jikoni hayajapoa. Padri naye atamtembeza kanisani Jumapili kama mzinzi anayetubu, peku, na gauni la kulalia, na mshumaa mkononi.

Nilimkuta mama mlangoni anasokota uzi. Mama huyu aliwahi kumchapa kibao mtoto wa watu kwa kuniita mwana wa nje. "Wewe ni binti Thurstan," huniambia, "nyanyua kichwa."

"Mama, Sabina alinibatiza kabla ya mafuriko," nikasema. "Nawe uliolewa daraja jipya likiwa tayari."

Pia ya kusokotea ilimdondoka, ikabingirika hadi miguuni pangu.

"Nani amekutia maneno?"

"Hakuna. Nimeyapanga mwenyewe."

"Thurstan ni babako. Unayo masikio yake, unayo na ukaidi wake."

"Najua, mama. Sisemi si baba yangu. Nasema nilitangulia."

"Shh!" Akatazama njia, kisha akaninong'oneza kwa hasira, "Unajua nililia kiasi gani padri akubali ile shuka? Nilimpigia magoti. Ili asitokee mtu wa kukuita mwanaharamu. Na leo wataka nikakuite mimi, mbele ya watu, mkono juu ya Injili?"

"Avisa naye alikuwa na baba, mama."

 Akainama kuiokota ile pia.

Ndipo tukasikia mbao za daraja. Kwato kwanza, halafu magurudumu, polepole, kama mkokoteni mtupu wa Hamo unavyogonga. Kuku wakatawanyika njiani. Mama alikuwa angali ameinama, nami nikapiga magoti mbele yake, nikaushika uso wake kwa mikono miwili.

"Njia ya nyuma ya shamba la maharage bado i wazi. Tukiondoka sasa tutafika mjini kabla mahakimu hawajainuka. Mama, utaniapia?"

Macho yake yalikuwa juu ya bega langu, kule darajani.  Magurudumu yakatoka kwenye mbao, yakaingia kwenye udongo.

"Mama?"