Sanduku la Seremala

Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, seremala aliizima redio kwa ngumi. Akamwambia mkewe kwamba nchi hii basi tena, wanahamia ng'ambo kwa dada yake.

"Miaka mitano mingine na yule mtu? Nitapasuka!"

Mkewe hakubisha. Mumewe akipandwa na mori, dawa yake ni kazi.

Siku tatu seremala alijifungia karakanani, akiunda sanduku la kusafirishia vifaa vyake. Alipima kila randa, kila patasi, kila msumeno. Pembe akazikaza kwa gundi na misumari, na kila msumari aliugonga huku akilitaja jina la mshindi.

Siku ya nne alimwita mkewe na jirani, ambaye alimpigia kura mshindi huyohuyo, wamsaidie kulitoa. Walilisukuma hadi mlangoni, likagoma. Wakalilaza ubavu, likagoma. Wakalisimamisha, likagonga dari. Jirani alikohoa kuficha kicheko.

Seremala akachomoa tepu, akaupima mlango alioutengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Ulipungua vidole vinne.

"Kwani hukuupima?" mkewe aliuliza.

"Miaka ishirini napita hapa!" alifoka. "Ningeupima wa nini?"

Msumeno ulikuwa palepale ukutani, lakini hakuna aliyeutazama. Mkewe aliingia ndani, akarudi na vikombe vitatu vya chai, akavitua juu ya sanduku.

"Meza imara hii," alisema. "Miaka mitano itavumilia."