Wanne Walioandikwa Hakuna

Kazi yangu ni kutabiri. Serikali ikitaka kupitisha sera, sisi wa ofisi ya tathmini tunakadiria nani ataugua na nani atakufa, tunajaza jedwali, mkuu anapiga mhuri. Tuna kanuni moja: makadirio yakiwa chini ya vifo vitano kwa mwaka, tunaandika "hakuna".

Mwaka jana ilikuja sera ya kufunga zahanati za mitaani ili huduma zote zihamie hospitali kuu. Mtaa wetu ulinipa vifo vinne. Niliandika "hakuna", nikaenda zangu kunywa chai.

Shangazi yangu, aliyenilea, alikuwa na pumu. Alizoea kunitania: "Daktari wa makaratasi, leo umemtibu nani?" Siku kifua kilipombana, miguu ilimpeleka ilikozoea. Walimkuta ameketi kwenye ngazi za zahanati, ameuegemea mlango wenye kufuli.

Tangu hapo yuko ofisini. Simwoni. Kila nikifungua jedwali namsikia kwenye kiti cha wageni, kikohozi chake kilekile cha mara tatu. Naogopa, siwezi kudanganya. Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba hanitanii tena.

Leo asubuhi mkuu alikuja mwenyewe. Sera ileile, safari hii mitaa ya upande wa pili. Nilikuwa nimepiga hesabu mara mbili, nikaandika watatu.

"Mwanangu, kanuni unaijua," alisema. "Watatu si kitu. Andika hakuna, gari linanisubiri."

"Haba na haba hujaza kibaba, mzee."

"Usiniletee ukaidi asubuhi yote hii."

"Wale wanne wa mtaani kwetu niliwafuta mimi. Hawa siwafuti. Kama ni kufuta, futa kwa mkono wako."

Akavuta karatasi, akatoa kalamu. Ncha ilipoigusa ile tatu, kikohozi kikatoka kwenye kiti cha wageni. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Mkuu aligeuka. Chumbani tulikuwa sisi wawili tu.

"Nani huyo?"

"Mmoja wa wale wanne."

Aliirudisha kalamu mfukoni. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na wenzake?"

"Mimi huyu ni wangu, mzee. Wale wengine walipita na mhuri wako. Labda wanakungoja ofisini kwako."

Hakurudi ofisini kwake. Alimtuma karani amletee mhuri, akaupiga palepale mezani kwangu, amesimama wima, na ile tatu ikabaki.