Kengele za Mvua za Bonaventure

Bonaventure wa Juru alipewa mikono miwili: mmoja wa kubuni vitu, mwingine wa kuvigawa. Wa kuweka nyumbani, Mungu alisahau. Hayo alisema mkewe Eugénie, na anayelala na mtu ndiye anayemjua.

Safari hii alibuni kengele ya mvua. Jiwe lilining'inia juu ya kengele kuukuu ya baiskeli, aliyoipata kwa wauza vyuma chakavu wa Ruti, kule Mbarara. Kamba ya jiwe ilishikwa na bonge la chumvi. Mvua ikinyesha, chumvi inayeyuka, jiwe linaanguka, kengele inalia, watu wanakimbia kuanua maharagwe. Akagawia kijiji kizima, bure.

"Baba Divine, ya kwetu iko wapi?" Eugénie akamuuliza.

"Nilisha kumupa shemasi Nehemiya. Aliomba na unyenyekevu mingi."

"Na mbegu yangu ikilowana, tutapanda ule unyenyekevu?"

Jumapili Eugénie aliyafunika maharagwe yake kwa turubai, akalikandamiza kwa mawe, kama alivyofundishwa na bibi yake. Njia nzima ya kanisani alichekwa: mke wa fundi hana kengele!

Mchungaji alikuwa ndiyo kwanza anafika kwenye gharika ya Nuhu, kengele ikalia. Ikafuata nyingine, kisha Juru yote. Kanisa likatoka mbio, mchungaji mbele.

Nje, jua kali. Beberu wa shemasi Nehemiya, na wake zake wote, walikuwa wakipita ua kwa ua wakilamba chumvi, ndevu zimelowa mate.

Watu walicheka hadi machozi, wakarudi kumalizia gharika. Ndipo mvua ikaja kweli, na hakuna kengele iliyosema kitu. Walipofika nyumbani, mbegu zilikuwa zinaogelea, isipokuwa zile za chini ya turubai.

Jioni majirani walijaa kwa Eugénie na mabakuli. Bonaventure alishaanza kufungua gunia.

"Acha, mume wangu. Leo nagawa mimi."

Kwanza akajaza beseni la mbegu za shamba lake, akalisukuma chini ya kitanda. Kisha akagawa. Nehemiya akaja wa mwisho, macho chini.

"Mama Divine, hata miye..."

"Karibu, shemasi. Utapata. Ule beberu iko wapi?"

"Iko mu zizi."

"Mulete. Chumvi alishajitia mwenyewe. Sisi tutatafuta pilipili tu."

Watu walipomaliza kucheka, Bonaventure akakohoa. "Ngozi yake munibakizie. Nimewaza ngoma ya mvua."

"Ya kwanza," Eugénie akasema, "inabaki hapa."