Saini ya Mwanahawa binti Saidi

Chupa ya dawa ilikaa ndani ya chungu kidogo, chungu kidogo kikakaa ndani ya kikubwa, na katikati yake mchanga uliomwagiwa maji. Ndivyo Mwanahawa alivyoelekezwa kuitunza, maana friji nyumbani kwake haikuwepo. Kila asubuhi baada ya swala aliitoa, akaifuta kwa ncha ya kanga na kuinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Siku hiyo dawa ilikuwa imeshuka chini ya maandishi, imebaki kina cha ukucha. Siku tatu. Labda nne, kama angepunja kidogo kwenye kila sindano. Lakini mara ya mwisho alipopunja, Firdausi alishinda akinywa maji bila kukata kiu, usiku akakojoa kitandani, mtoto wa miaka tisa, akaamka analia kwa aibu.

"Bibi, leo tumboni au pajani?"

"Jana tulichoma wapi?"

"Pajani."

"Basi tumboni."

Mtoto akajifinya ngozi mwenyewe, akageuza uso ukutani na kuhesabu kwa Kiha mpaka tatu, kama wanavyohesabu wenzake wakiruka kamba. Alipomaliza akauliza kama kuna uji.

Mama yake Firdausi, Zuleha, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kijijini ndani kabisa, upande wa Kibondo. Alimwacha mtoto Kasulu kwa bibi yake kwa sababu moja tu: Kasulu kulikuwa na duka la dawa la Mudathiri, lenye friji ndani na stika ya mfuko wa bima mlangoni. Kila mwezi mshahara wa Zuleha ulikatwa kabla hajauona. Alikuwa akisema hana uchungu na makato hayo, kwani mwanawe hatakosa sindano maisha yake yote.

Asubuhi hiyo Mwanahawa akafunga kadi ya bima kwenye pindo la kanga, kama kila mwezi, akashuka sokoni.

Stika haikuwepo. Palibaki alama ya gundi kwenye kioo, pembe nne, na vumbi jekundu lilikuwa limeshaanza kuishika. Mudathiri alikuwa akimhesabia mteja vidonge. Alipomwona alimwamkia kwa adabu zake zote, akauliza hali ya mjukuu, akauliza habari za Zuleha. Mwanahawa akafungua pindo na kuweka kadi juu ya kioo cha kaunta. Mudathiri hakuigusa.

"Kadi tumeacha, bibi."

"Mmeacha mpaka lini, baba?"

"Tumeacha."

Akamweleza kirefu, na hakuwa anamwongopea. Mfuko haujamlipa tangu mwanzo wa mwaka. Fomu ikikosa nukta moja inarudishwa. Bei waliyompangia ni ndogo kuliko ile anayonunulia yeye mwenyewe kule Mwanza. Maduka matatu ya mjini yamebandua stika siku moja, Ijumaa iliyopita. Mwanahawa alielewa nusu ya maneno hayo, na nusu ilimtosha.

"Basi ile chupa ya frijini nitainunua. Nitamwambia Zuleha atume hela."

Mudathiri akafungua friji ili aone kwa macho yake. Ndani kulikuwa na soda, maji, na pakiti mbili za dawa ya macho.

"Hii dawa ya sukari mjini hapa ilikuwa ya watu watatu, bibi, na wote wa kadi. Kadi ikiondoka ataninunulia nani? Itaniozea humu. Sikuagiza tena." Akafunga friji taratibu. "Nasikia Kibondo kuna duka moja bado linapokea. Wahi."

Mwanahawa akashukuru. Ndivyo alivyolelewa, kushukuru kabla ya kutoka kwa mtu. Akamwacha Firdausi kwa jirani na sindano zake zimepimwa, na kesho yake basi la alfajiri likamchukua kwenda Kibondo, mawe na mashimo mpaka viuno vikafa ganzi.

Kijana wa dukani Kibondo aliitwa Hatungimana. Alimpa stuli akae, akamletea maji, akamsifu kwa kusafiri na umri ule. Stika ilikuwepo mlangoni, imenyooka. Frijini, Mwanahawa aliona kwa macho yake maboksi mawili yenye mstari wa rangi anaoujua. Pumzi ikamshuka. Kijana akachukua kadi, akapiga simu ofisi ya mfuko, akasoma namba polepole, akasikiliza. Alipokata simu hakuwa tena na ule uchangamfu.

"Bibi, namba hii imeshachukua dawa."

"Nilichukua mwezi jana. Imekwisha."

"Imechukua ya mwezi huu. Na ya mwezi ujao. Fomu zimepokelewa mpaka mwezi wa kwanza mwakani, duka la Kasulu. Wanasema zina saini ya mpokeaji." Akamwangalia. "Mpokeaji wameandika Mwanahawa binti Saidi. Ni nani huyo?"

Hapo akakumbuka.

Ilikuwa mwezi jana, ndani ya Ramadhani. Mudathiri alimwekea fomu sita mezani, tupu, akamwambia atie saini zote kwa mpigo ili asisumbuke kila mwezi na miguu yake ile. Wengine humo dukani walichovya kidole gumba. Mwanahawa alifika darasa la tatu, Ujiji, kabla baba yake hajaamua kuwa linatosha, na katika yote aliyofundishwa kilichobaki mkononi ni jina lake. Alilifanyia mazoezi miaka hamsini, kwenye majivu, kwenye unga, nyuma ya kalenda. Aliliandika mara sita bila haraka, kila M na miguu yake yote, na kila alipofika kwenye Saidi akaivuta i ya mwisho ikawa mkia. Watu wakasogea kutazama. Mudathiri akacheka, akasema bibi huyu angefaa kuwa karani wa mahakama, tunampoteza bure sokoni. Alirudi nyumbani siku hiyo hasikii njaa ya saumu wala uchovu.

"Ni mimi," alimwambia kijana.

"Na saini ni yako?"

Angeweza kusema si yake. Wazo hilo lilimjia baadaye, njiani, likamkalia kifuani mpaka Kasulu. Wakati ule alijibu kama anavyojibu kila kitu.

"Ni yangu, baba."

Hatungimana akarudisha kadi kwa mikono miwili. Akasema akimpa, atakatwa yeye. Kuhusu kuuza, yale maboksi mawili yana wenyewe, watu wa kadi wa Kibondo, majina yao yapo daftarini na wanakuja kesho. Alimwambia anaweza kuandika malalamiko na kuyapeleka Kigoma, yanajibiwa ndani ya siku tisini. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akamsindikiza mpaka kituoni kutafuta basi la kesho na kumwombea pa kulala.

Aliporudi Kasulu hakupitia nyumbani kwanza. Alimkuta Mudathiri anafunga mahesabu ya mchana. Hakupaza sauti, hakujua hata kama angeweza. Alimuuliza tu zile chupa nyingine tano ziko wapi.

Mudathiri akamwomba mteja aliyekuwepo asubiri nje.

"Hazikuwahi kuwepo, bibi. Mfuko una deni langu, nikasema na mimi nijilipe kwa karatasi. Na hata hizo hawajalipa. Wallahi sijapata hata senti."

"Mtoto ana sindano ya kesho tu, Mudathiri."

"Najua."

"Kawaambie kwamba hatukupewa."

Mudathiri akapanga kalamu zake. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kumwuliza mtu hali ya mjukuu, "Nikisema hivyo mimi nafungwa, na kadi ya Zuleha inafungwa. Saini si yangu, bibi. Watasema tulikula wote. Zuleha ni mtumishi wa serikali, kazi yake itakuwaje?" Akainama chini ya kaunta, akatoka na mfuko wa mabomba ya sindano, mapya, pakiti nzima. "Chukua haya. Bure kabisa. Hayo yasikusumbue."

Mwanahawa akayapokea. Mkono ulinyooka wenyewe. Kinywa nacho kikashukuru.

Zuleha alipata habari kwa simu ya mwalimu mkuu, siku ya pili yake, maana mtandao kijijini kwao hushikwa mlimani tu. Alisafiri usiku kwenye lori la mahindi. Alimkuta mtoto ameanza kutapika, ulimi mkavu, macho yameingia ndani, pumzi ndefu ndefu kama mtu anayepanda kilima. Kinywani alinuka kama ndizi zilizoiva mno. Firdausi akamwambia mama yake kwamba sindano ya jana ilikuwa ya hewa tu, aliiona, ila hakumwambia bibi.

Walimpeleka kituo cha afya. Walimtundikia maji. Dawa yenyewe haikuwepo, na gari la wagonjwa lilikuwa limechukua maofisa kwenye semina. Ikaamuliwa Zuleha apande basi la kwanza kwenda Kigoma mjini, ambako duka moja lilimhakikishia kwa simu kwamba wanayo, kwa fedha taslimu, na arudi nayo kwenye chupa ya chai yenye barafu. Mwanahawa akabaki. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mkono wa mtoto ndani ya mkono wake, akihesabu pumzi. Mtoto alipoacha kujibu, yeye aliendelea kumsemesha. Alimwambia habari za Ujiji, za shule, za ubao wa mwalimu. Alimwambia akipona atamfundisha kuvuta ule mkia.

Alasiri, pumzi zile ndefu zikawa fupi. Kisha hazikuwepo.

Simu ilipolia, Zuleha alikuwa njiani kurudi, ameshaipita Kidahwe. Alisema basi linakwenda vizuri. Alisema amefungua chupa kuangalia, barafu bado ngumu, haijayeyuka hata kidogo.

"Njoo taratibu, mwanangu," alisema Mwanahawa.

Muuguzi alikuwa binti mpole wa Muyama, macho yake mekundu. Alikuja na karatasi kwenye ubao, akasema anamwonea haya bibi, lakini mtoto ni wa bima, fomu lazima ifungwe ndipo wamruhusu kumchukua. Mwanahawa akaipokea. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Maji ya kutundika, chupa nne. Kitanda, siku moja. Chini yake kulikuwa na neno asilohitaji kulisoma herufi kwa herufi, kwa kuwa alilitazama kila asubuhi kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii alipewa?"

Binti akatazama mlangoni. "Ndiyo aliyopaswa kupewa, bibi. Ni utaratibu tu. Daktari ameiandika, ikikosekana fomu nzima inarudi." Akambonyezea kalamu, ncha ikatoka. "Unajua kuandika?"

Mwanahawa aliitazama kalamu. Alitazama ule mstari mtupu uliosubiri jina.

"Sijui," alisema.

"Usijali, bibi. Wengi hawajui."

Akatoa mfukoni kikopo cha wino wa zambarau, akakifungua. Akaushika mkono wa Mwanahawa kwa upole, kama anavyoshikwa mtoto siku ya kwanza ya shule, akakichovya kidole gumba, akakikandamiza kwenye karatasi, pembeni ya jina la Firdausi, akakizungusha kushoto na kulia ili mistari yote itoke. Akapuliza wino ukauke.

"Imetoka vizuri," alisema.