Kisogo cha Mama Pacha

Siku ya Jumatatu, ambayo saluni hufungwa, msusi alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi katika ofisi ya mchapishaji, juu ya duka la magodoro. Mguu mmoja wa benchi ulikuwa mfupi, ukawekewa kitabu cha mashairi chini yake. Msusi alikuja kuulizia muswada wa riwaya yake. Karani alimwambia unasomwa, kama alivyomwambia kila alipokuja, na wala hakuinua macho kutoka kwenye simu.

Ndipo mwanamke wa chai akapita na sinia, na msusi akakiona kisogo chake.

Msusi huishi nyuma ya watu. Mteja anaweza kumsalimia njiani, naye akaitikia kwa adabu bila kujua anaongea na nani, mpaka mteja ageuke aende zake. Hapo ndipo anamtambua, na kumkumbuka mumewe, mawifi zake na siri zote alizomwaga kwenye kiti. Hadithi zake zilitoka huko. Sasa kisogo kilichokuwa mbele yake kilikuwa na kovu la kuungua chini ya sikio la kushoto, na vinyweleo vya shingoni vilivyogoma kushikwa na kitana. Kovu alilichukua kwa mteja mmoja, vinyweleo kwa mwingine, akaviunga mwenyewe kwenye sura ya kwanza. Hakuna mtu aliyezaliwa na kisogo kile. Kilikuwa cha Mama Pacha, mhusika mkuu wa riwaya yake.

Machale yalikuwa yameshamcheza zamani. Dada yake mkubwa, mwenye saluni, ndiye aliyemtia wasiwasi. "Hao watakuibia, mdogo wangu," alimwambia. "Wanakwambia unasomwa, unasomwa, kumbe wananakili. Utakuja kuisikia hadithi yako redioni, jina la mtu mwingine." Kwa hiyo kabla ya kuukabidhi muswada, msusi alilaza unywele mmoja mrefu juu ya ukurasa wa pili. Mwizi yeyote angeuangusha bila kujua.

Na kwenye saluni mambo hayakuwa sawa. Nakala ya mkono, iliyokuwa kwenye daftari ndani ya droo ya vitana, ilikuwa imekatika. Katika sura ya nne Mama Pacha anawaaga watoto wake mapacha, anakwenda kutafuta kazi, anawaahidi kurudi kabla hawajaoga. Sura ya tano alipaswa kurudi. Tangu muswada ukabidhiwe, sura ya tano na zote zilizofuata zilikuwa kurasa tupu, na mapacha walikuwa wamekaa kizingitini. Kila daftari lilipofunguliwa waliuliza, "Mama ameshafika?" Maneno hayo msusi hakuyaandika. Dada yake aliwakemea mara moja tu, wanyamaze, kuna wateja.

Msusi alimfuata mwanamke wa chai mpaka jikoni. Alipogeuka, uso wake haukuwa umemalizika. Macho yalikuwepo, mdomo ulikuwepo, lakini vilikaakaa tu, kama vyombo vya mtu aliyehamia jana.

"Dada, ni wewe?" akauliza Mama Pacha.

"Ni mimi."

"Hukuniwekea uso."

"Nisamehe. Mimi nilikuwa nakuona kwa nyuma."

"Si kitu. Humu hakuna anayeniangalia." Alisuuza kikombe. "Watoto hawajambo?"

"Wanakuulizia kila siku. Mbona hurudi?"

Mama Pacha alieleza bila haraka, huku akifuta sinia. Mhariri alimwambia asubiri asomwe. Akishasomwa angevuka kwenda sura ya tano, afike nyumbani. Basi akasubiri. Kukaa bure kukamchosha, akaanza kupika chai, na tangu hapo wakazoea. Mshahara? Nani amlipe mtu ambaye hajachapishwa? Hata hivyo hakuwa peke yake. Mpelelezi wa riwaya moja ya mauaji alikuwa analinda geti. Mfalme wa tamthilia ya kihistoria alikuwa anafagia ngazi, na alizifagia vizuri, ingawa alikataa katakata kuinama. Jengo la pili kulikuwa na mchapishaji mwingine, lakini huko nako ni yaleyale; mlinzi wao alikuwa anaongea kwa vina.

"Dada yangu amelisoma daftari lote," msusi alisema. "Kwani hiyo haihesabiki?"

"Amesoma daftari. Mimi niko kwenye muswada uliowakabidhi. Wausome wao, au uuchukue mwenyewe."

Msusi aliingia kwa mhariri bila kubisha hodi. Mhariri alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza, aina ya mtu anayekusindikiza mpaka mlangoni huku hajakupa kitu. Alimkaribisha kiti. Msusi akakataa.

"Nataka kuuona muswada wangu, mzee."

"Unasomwa, dada yangu."

"Na nani?"

Mhariri akachukua ufunguo wa stoo. Miswada ilikuwa imepangwa kutoka sakafuni mpaka darini, na kutoka ndani yake kulisikika watu wakijongea na kukohoa. Msusi hakuhitaji kuonyeshwa. Alifuata harufu ya mafuta ya nywele, akauchomoa wake, akaufungua polepole. Unywele ulikuwa palepale kwenye ukurasa wa pili. Haukuwa umesogea hata kidogo.

Iliuma. Alikuwa amejiandaa kwa wizi, akiwa na maneno yake ya kumtolea mwizi, lakini mwizi angekuwa amesoma angalau. Aliona haya kana kwamba amekutwa anaongea peke yake barabarani.

"Hamjaufungua," alisema.

"Hatujaufungua," mhariri alikubali. Hakuonyesha aibu. "Nitakuwa mkweli kwako, kwa sababu nakuheshimu. Nikimsoma yule mama, anaondoka. Akiondoka, nani atapika chai? Watu wanadhani ofisi inaendeshwa na vitabu. Vitabu havinunuliwi, dada. Bila hawa tungeshafunga."

"Basi namchukua, nakwenda naye."

"Chukua. Hakuna anayekuzuia." Alimpa hata mfuko wa kubebea. Kisha, msusi alipokuwa anauingiza muswada mfukoni, akaongeza taratibu, "Ila ni hasara. Una kipaji."

Msusi alisita.

"Nasema kweli," mhariri aliendelea. "Waandishi chipukizi wananiletea wahusika hawana kazi. Wanasimama dirishani wanatazama mvua. Mmoja yuko pale korido, tangu aje analia tu, hata mlango hafungui. Wa kwako ana mikono. Mtu akiwaza mhusika mwenye mikono, huyo ni mwandishi." Alikohoa. "Sasa hivi tuna shida ya mabomba, choo cha chini hakipitiki. Niandikie riwaya ya fundi bomba. Fupi tu. Ukiileta, nakaa mwenyewe kwenye meza ile pale, nasoma ya kwanza, halafu hiyo ya pili. Hii ni fursa, na mimi fursa simpi kila mtu."

Msusi hakumwamini. Aliiangalia ile meza, akaona vumbi lililolala juu yake, na akajua anapigwa danadana kama wengine wote. Lakini tangu aanze kuandika, kwenye vipande vya maboksi ya rasta, wateja wakiwa chini ya mashine ya kukaushia, hakuna mtu aliyewahi kumwita mwandishi. Neno lile lilimwingia. Alilisikia likimshuka kifuani kama maji ya moto siku ya baridi, na alijichukia kwa jinsi lilivyokuwa tamu.

Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni. Ameshavua aproni, ameikunja, ameiweka juu ya jiko.

"Twende, dada?" aliuliza. "Hawajaoga wale."

Msusi alikuwa ameshika mfuko. Hakuwa na mchapishaji mwingine. Akimpeleka Mama Pacha nyumbani, mapacha wataogeshwa jioni ileile, na riwaya itabaki daftari kwenye droo ya vitana, isomwe na dada yake na labda mteja mwenye muda.

"Subiri kidogo," alisema.

Mama Pacha alimtazama, kadiri uso ule ulivyoweza kutazama. Kisha akachukua kikombe kitupu juu ya meza ya mhariri, akarudi jikoni. Msusi aliutoa muswada mfukoni, akaurudisha kwenye rafu.

Riwaya ya fundi bomba aliianza jioni hiyohiyo, saluni ikiwa imefungwa, akiwa amekaa kwenye kiti cha wateja. Iliandikika kwa urahisi uliomtisha. Droo ya vitana ilikuwa nusu wazi, na mapacha wakauliza swali lao. Msusi akaisukuma kwa goti.

Dada yake alikuja kusoma kutoka begani.

"Huyu hana mke?"

"Hana."

"Watoto je?"

"Hana."

"Hata mama?"

"Alishafariki."

"Majirani, mtu wa kumwulizia akiumwa?"

"Hana mtu, dada. Ni fundi mzuri, basi."

Dada yake alimwangalia kwa muda, kwa jicho lile alilokuwa anawaangalia wateja wanaodai kwamba hawajawahi kusukwa kwingine. Kisha akaenda kufagia sakafu.

Msusi alipoweka nukta ya mwisho, fundi bomba alikuwa ameshasimama karibu na mlango na mkoba wake wa zana. Alikuwa kijana wa haya, mwenye viatu safi. Alisalimia, akaelekezwa ilipo ofisi, akashukuru. Alipofika nje alirudi hatua moja.

"Samahani, mama. Na jioni nikimaliza, nirudi wapi?"

Msusi alipekua kurasa mbele na nyuma. Hakuwa amemwandikia nyumba.

"Wewe nenda," alimwambia. "Utakaa hukohuko."